Fundo Moja la Uzi Mwekundu

Niliondoka Haltom City, Texas, asubuhi ya Jumapili, kichwa kimenyolewa kijeshi, begi moja kwenye kiti cha nyuma na nusu sufuria ya pilau kwenye kiti cha mbele. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua tu kwamba gari lilikuwa na mafuta, na kwamba mjomba wangu hakutaka tena kuniona nikinywa chai mezani kwake. Kwenye makutano ya barabara kuu nilishika njia ya kusini kwa sababu ile ya magharibi ilikuwa imefungwa na mafundi wa lami. Watu huniuliza kwa nini nilihamia Houston, wakitarajia nitaje kazi au mwanamke. Jibu ni koni za rangi ya machungwa.

Mwezi uliopita niliipita barabara hiyohiyo nikirudi kaskazini, safari hii kwenda kumzika mjomba huyohuyo. Katikati hapo nimeendesha malori, nimepaka rangi nyumba za watu, nimefungua duka la simu na kulifunga, nimelala katika miji ambayo sasa majina yake yananichanganya. Ndevu zimeshaingia mvi. Pale makaburini mzee mmoja wa zamani, aliyekuwa dereva pamoja na marehemu, alinisogelea akaninong'oneza, "Mjomba wako alikutakia kheri, Twaha. Ulimkosea." Nikamjibu bila kunong'ona, "Sikumkosea, mzee. Nilimjibu." Akaguna na kwenda zake. Njia nzima ya kurudi Houston nilikuwa na mwaka ule pembeni yangu kama abiria asiyejua kunyamaza.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na vita vya Iraq vilikuwa vikipiganwa mchana kutwa kwenye televisheni ya mjomba, sauti ikiwa imezimwa. Sebule ile ilikuwa na makochi yaliyovishwa plastiki, zulia jekundu, na harufu ya udi isiyotoka hata madirisha yakiwa wazi. Jumamosi asubuhi mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Swabra kwa jina la binti yao, alikaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, na madereva wa teksi za uwanja wa ndege wakaja kula na kuitengeneza dunia. Mjomba Athumani alinipenda. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu akadhani nasimulia habari za adui. Alinipa chumba, akanilazimisha kusoma jioni hadi nikapata cheti cha kufidia shule niliyoiacha Mombasa kidato cha pili, na alinitafutia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Lakini alikuwa na hofu juu yangu. Aliona ninavyoshika kitu na kukiacha, ninavyopotea siku nzima kwa sababu tu nimeiona barabara nisiyojua mwisho wake, na dawa aliyoiona ni moja.

"Jeshi litakunyoosha," alisema, akichovya hamri. "Bima, chuo, uraia. Wewe huna cheti cha maana, huna mke, huna hata godoro lako."

"Nina gari, mjomba."

"Lile haliendi kwa mafuta, linakwenda kwa dua." Madereva wakacheka hadi chai ikamwagika. "Nani hapa amemwona mtoto wa maskini akipewa kitu bure? Jeshi linakupa. Unasema ahsante, unavaa buti."

Hoja yake haikuwa ya kipumbavu, na hadi leo sijaipata inayoibomoa yote. Vijana niliowajua walikwenda, wakarudi, wakasoma, wakajenga. Wengine walirudi wakiwa hawawezi kukaa kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Mimi sikuwa na msimamo. Nilikuwa na maswali tu, na maswali hayaliwi na mbaazi.

Mzee niliyepangiwa kumhudumia alikuwa mwanamke wa Kijapani aliyeolewa na askari wa Texas baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akaletwa huku, akazaa, akafiwa na mume, na sasa alikaa kwa binti yake katika mji jirani wa Mansfield, katika nyumba ya matofali yenye jiko kubwa kuliko sebule. Nilimwita Bi Fumi. Nilipomweleza kwamba kwetu mwanamke wa heshima huitwa Bi, alifurahi akakataa kuitwa vinginevyo. Kazi yangu ilikuwa kumwosha miguu, kumpa dawa na kumsindikiza hadi uani na kurudi. Kupika hakuniruhusu. Mchele aliuosha mwenyewe, akimwaga maji mara nyingi hadi yakawa maangavu, na mtu aliyemsemesha wakati huo hakujibiwa. Kiingereza chake kilikuwa cha Kitexas chenye kona kona, na nilizoea kukifuata kama mtu anayefuata njia ya mbuzi.

Siku moja, nikimkausha miguu, nilimwambia mjomba anataka niingie jeshini. Nikamtajia bima, chuo, chakula.

"Na wali je?" akauliza.

"Wali upi?"

"Kaka yangu alikwenda kwa ajili ya wali mweupe. Nyumbani tulikula wali uliochanganywa na mtama, na mtama ulikuwa mwingi kuliko wali. Kambini walimpa mweupe mtupu. Barua yake ya kwanza haikusema habari nyingine. Mama aliisoma akalia kwa furaha."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na sikumwacha tena. Kila nilipokwenda nilidai kipande kingine. Alizaliwa milimani, katika kijiji kilichofuga viwavi vya hariri. Vyumba bora vya nyumba vilikuwa vya viwavi na watu walilala pembezoni. Usiku wa msimu viwavi walipokula majani ya mforsadi, alisema, mlio wao ulikuwa kama mvua juu ya paa, na watoto walibembelezwa na mvua hiyo isiyolowesha. Hariri yote ilivuka bahari ikawa soksi ndefu za wanawake wa Marekani. "Hatukumjua hata mmoja," alisema, "lakini miguu yao ndiyo iliyotulisha." Kisha uchumi wa Marekani ukaanguka, wanawake wakaacha kununua soksi, na bei ya hariri ikashuka hadi baba yake akawa anavimwaga vifuko vya hariri vilivyofumwa na viwavi kwenye mbolea. Mwaka uliofuata mwanamume mwenye kofia ya mjini alikuja akakaa, akanywa chai, akaondoka na dada mkubwa wa Bi Fumi. Baba aliingiza gunia la mchele ndani bila kumtazama mtu. "Tulikula," alisema Bi Fumi. "Usinitazame hivyo. Tulikuwa na njaa, tukala."

Mtu wa kutaka kujua kama mimi akishasikia hayo hatulii. Nikawa napita maktaba ya mtaani, nikisoma nimesimama katikati ya rafu kama mwizi. Nilitafuta mahali ambapo taifa zima la Wajapani lilikaa likaamua kuwa la kivita, na mahali hapo sikupata. Nilikuta nchi isiyo na mafuta wala chuma cha kutosha, inayoishi kwa kuuza nguo na hariri, ambayo serikali yake ilikuwa imeifunga sarafu kwenye dhahabu wakati mbaya kuliko wote. Wenye makoloni makubwa waliwafungia milango ya soko. Mchele wa bei rahisi kutoka Korea na Taiwan, nchi walizozitawala wao wenyewe, uliwaumiza wakulima wao. Kampuni kubwa zilitajirika, wanasiasa wakala mkononi mwao, na maofisa vijana, walioona makuruta wao wakitoka vijiji ambako dada zao waliuzwa, wakasema: sisi ndio tusioiba, dawa tunayo, na dawa ni ardhi ya ng'ambo. Huko Manchuria, kaskazini mwa Uchina, jeshi lililipua reli lenyewe, likawasingizia Wachina, likateka nchi. Serikali yao ikapata habari baadaye. Waziri mkuu akapigwa risasi nyumbani kwake, na wauaji walipofikishwa mahakamani watu walimiminika kuwaombea msamaha, maana walisemekana kuwa na moyo safi. Kisha sheria ikarudishwa kwamba waziri wa jeshi lazima awe ofisa aliye kazini, kwa hiyo jeshi likichukia baraza la mawaziri lilimwondoa tu mtu wake na baraza likaanguka. Mlinzi akawa na ufunguo wa nyumba, na mwenye nyumba akawa anabisha hodi.

Niliyapeleka hayo sebuleni Jumamosi, katikati ya mahamri. Mjomba akapunga mkono. "Mjapani ana vita damuni. Soma historia."

"Nimeisoma, mjomba. Miaka michache kabla walikuwa na bunge, vyama, na magazeti yanayomtukana waziri. Damu haibadiliki kwa miaka michache. Bei ya hariri ndiyo iliyobadilika."

"Profesa wa kidato cha pili!" akapaza sauti dereva mmoja, yule yule aliyekuja kuninong'oneza makaburini. "Sasa hariri na wewe vinahusiana nini? Unavaa soksi za wanawake?"

Walicheka, nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Lakini niliendelea. Nikasema kwamba ardhi ile ya ng'ambo haikuwa tupu, kwamba Bi Fumi alikuwa na binamu waliopelekwa kulima Manchuria na wakakuta jiko la Mchina bado lina majivu ya moto. Mjomba akasema, "Waingereza nao walichukua kwetu, mbona huwasemi?" Nikamwambia ndivyo hasa Wajapani walivyosema: Waingereza wana makoloni, kwa nini sisi tusiwe nayo. "Na mimi nawasema wote wawili." Mama Swabra akaweka birika katikati yetu kwa nguvu. "Chai," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Sasa nieleze desturi moja, kwa maana yote yalitokea ndani yake. Kwetu pwani bi harusi akiulizwa kama anaridhia, akanyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Kijana naye akiulizwa jambo na mkubwa wake mbele za watu, akainamisha kichwa, mambo yamekwisha. Hatufunzwi namna ya kusema hapana. Tunafunzwa namna ya kuchelewa. Hivyo sajenti wa kuandikisha vijana alipokaribishwa nyumbani, mtu mpole wa asili ya Mexico aliyekula pilau kwa mkono bila kufundishwa, aliniuliza kwa heshima kabisa, "Wewe mwenyewe unataka?" Kabla sijafungua mdomo mjomba akasema, "Anataka." Kisha akanigeukia. "Au vipi, Twaha?" Nikainamisha kichwa. Mama Swabra akapiga kigelegele kilichomfanya sajenti aruke kitini. Ijumaa ile mjomba aliutangazia msikiti mzima.

Sikunyamaza kwa woga peke yake. Nilidhani kimya ni mahali pa kupumzikia, kwamba nimo ndani yake nafikiri bado. Kumbe wenzangu walikuwa wanajenga juu yake. Nilifanya mtihani wa jeshi, nikapita. Nikapimwa macho na meno. Siku ya kula kiapo ikapangwa, Jumatatu, Dallas, na karamu ya kuniaga ikapangwa Jumamosi iliyoitangulia. Mjomba alininyoa mwenyewe, kwenye kiti cha jikoni, shuka shingoni, akinipapasa utosi kila baada ya mstari kama aliyekuwa akinitahiri upya.

Bi Fumi aliponiona kichwa aliacha kutafuna. Nikamwosha miguu. Kisha akaniagiza nimletee kikapu cha ushoni, akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano, akashona fundo moja dogo na kulikata.

"Mkanda wa mafundo elfu," alisema. "Kila fundo mkono wa mwanamke mwingine. Askari anaufunga tumboni, risasi isimpate. Mama na mimi tulisimama mbele ya stesheni ya treni na mkanda wa kaka yangu. Kila mwanamke aliyepita alisimama, akashona fundo lake, akainama, akaenda kazini."

"Ulisaidia?"

"Risasi hazisomi ushoni." Akaukunja mkono wake mwembamba. "Watu huniuliza, nani alianzisha vita ile? Majenerali, ndiyo. Matajiri, ndiyo. Njaa, ndiyo. Lakini mimi nilikuwa pale stesheni. Fundo moja tu, nani atakataa fundo moja? Mwanamke mmoja alishona huku machozi yakimtoka, na hakusema neno. Wala sisi hatukumuuliza."

"Na kama angekataa? Wangemfanya nini?"

Akairudisha sindano kikapuni. "Sijui," alisema. "Sikumwona aliyekataa, kwa hiyo sijui ingekuwaje."

Nimewahi kusikia mahubiri mengi na hakuna yaliyonishika kama hayo. Angeniambia usiende, pengine ningekwenda, maana ni mbishi. Lakini alinionyesha kitu ambacho mtu aliyeishi karibu miaka themanini hakuwahi kukiona, na mimi ni mtu nisiyeweza kupita mlango uliofungwa bila kujaribu kitasa.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri nyumba ilijaa. Kila mama alikuja na chombo chake kimefunikwa: huyu sambusa, huyu kachumbari, huyu viazi vya rojo, huyu kaimati zinazonata. Nilisimama mlangoni nikipokea sahani, na kila aliyenipa alinigusa shavu akasema neno jema, kisha akaingia ndani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akinipeleka vitani. Kila mmoja alikuwa ameleta sahani moja tu. Nilipoliona hilo, nikasimama na bakuli mkononi nikiwazibia watu mlango hadi Swabra, aliyekuwa na miaka kumi na minne, akanipokonya bakuli. "You okay?" akauliza. Nikamwambia sijui.

Ubani ukafukizwa. Msahafu ukaletwa ili nipite chini yake. Mzee aliyeombwa kusoma dua akainua mikono, sebule nzima ikainua mikono, na ndani ya ule utulivu nikasikia sauti yangu, kavu, kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Mjomba, siendi."

Mikono ilibaki hewani. Mjomba akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia mzaha wa mahali pabaya. "Huendi wapi?"

"Jeshini. Siendi."

"Si uliulizwa mbele yangu ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Sasa nasema."

"Kijana, watu wamekuja!" Mama Swabra alilia kutoka mlango wa jikoni. "Pilau yote hii itapelekwa wapi?"

"Italiwa, mama," akasema bibi mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa tayari na sahani mapajani. "Kwani pilau nayo imekula kiapo?" Watu wawili watatu wakacheka, wakajizuia.

Mjomba hakucheka. Akaniuliza kama naogopa kufa. Nikasema naogopa, kama kila mtu, lakini si hilo. Akauliza ni yule bibi wa Kijapani aliyenijaza maneno. Nikasema bibi hakuniambia nisiende. Akauliza basi ni nini, na hapo nikamwambia kwamba sitaki kwenda kuingia nyumba ya mtu nisiyemjua nikiwa na bunduki kwa sababu kwetu kulikuwa na upungufu wa magodoro. Huenda ningepata maneno bora. Nimekuwa na miaka mingi ya kuyatafuta na bado naona yale yalitosha. Uso mzuri wa mjomba ukazeeka ghafla, kisha akasema polepole, bila hasira, jambo ambalo lilinichoma zaidi: "Katika nyumba hii mtu asiyesikia hakai." Mzee wa dua akashusha mikono, akafuta uso, na watu wakala kimyakimya. Ndiyo, walikula. Nilitazama kwa makini kama mwanafunzi. Dari haikuanguka. Mtu amekataa fundo lake, na kilichotokea ni kwamba amefukuzwa nyumbani.

Hilo ndilo nililompelekea Bi Fumi asubuhi ya pili, maana barabara ile ya kusini hupita Mansfield. Binti yake alinifungulia akiwa na nguo za kulalia. Bibi alikuwa jikoni, anaosha mchele, na safari hii alizungumza akiwa bado anaosha.

"Ikawaje?"

"Nimefukuzwa."

"Basi?"

"Basi."

"Hukufa."

"Sikufa."

Alicheka hadi akashika ukingo wa sinki. Kisha akanifinyangia matonge ya wali mweupe kwa viganja vilivyolowa maji ya chumvi, akayafunga kwenye kitambaa kile chenye fundo moja jekundu. Hakuniaga kwa maneno makubwa. Alisema nipunguze mwendo nikifika Ennis, mji ulio njiani wenye polisi wengi. Alifariki kabla ya mwaka kwisha. Kitambaa ninacho.

Mjomba na mimi tulisalimiana kila Idi kwa simu hadi alipokufa. "Bado unatangatanga?" aliniuliza kila mara, nami kila mara nilijibu bado. Hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba, na sioni tulipopungukiwa. Makaburini imamu alipotuuliza tunamshuhudia vipi marehemu, nilijibu kabla ya wote, kwa sauti iliyowageuza vichwa: ni mtu wa kheri. Kama niliweza kumwambia hapana kwa sauti, na hilo nalo lilistahili sauti.

Jumapili ile niliyofukuzwa nilifika Houston jua limeegemea magharibi, nikazunguka hadi taa ya mafuta ikawaka, na ilipowaka nilikuwa katika mtaa wa Alief, mbele ya duka lililouza unga wa muhogo, dagaa na kadi za simu. Mwenye duka aliniambia kuna mama wa Kikongo nyuma ya kanisa anayepangisha chumba. Nilimkuta mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, Mama Furaha, mwanamke mpana mwenye macho yasiyopepesa. Alinitazama miguu, akapanda hadi kichwani, akasimama hapo.

"Weye uko soda?"

Sikuelewa. Akajigonga utosi. "Askari. Hizi nywele. Mi sipangishake basoda mu nyumba yangu. Basoda ndio walitufukuza kwetu."

Nilikuwa nimechoka hadi ulimi ulilala kinywani. Nikabaki nimesimama.

"Nauliza, unanyamaza?"

"Hapana!" nilisema, na mbwa wa jirani akabweka. "Hapana, mama. Mimi si askari na sitakuwa."

"Eh, usinipigie makelele, nasikia." Akasimama, akakung'uta gauni. Chumba kilikuwa na godoro, kiti kimoja na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nikasema nakitaka. Aliniona nikirudi garini, nikaja na sufuria, akafunua kifuniko na kunusa.

"Pilau ya nini hii?"

"Ya kumuaga askari."

"Na askari iko wapi?"

"Hakwenda."

Mama Furaha akaichukua sufuria mikononi mwangu na kuipeleka jikoni kuipasha moto. "Basi kuja," alisema, "tukule."